Mshukiwa Huulizwa

Ukitaka kumsema mtu nyumbani kwa Mama Hakimu, ilikupasa uwe tayari kumsema huku anakusikia. Nilijifunza hivyo mwaka wangu wa kwanza Karatu, nilipokwenda kwake Endabash kumlalamikia mkuu wangu wa shule. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, maneno yamenikolea, nikafika pa kusema kwamba mkuu yule anawapendelea walimu wa sayansi na sisi wa Uraia anatuona watu wa kujazia ratiba. Mama Hakimu akanyoosha mkono, akachukua simu yake juu ya kabati, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa imefunguliwa. Mkuu alipopokea, alimjulia hali, akawaulizia watoto, kisha akamwambia kwa upole kwamba mwalimu wake yupo pale na ana neno juu yake, na si vizuri neno hilo liishe bila mwenyewe kuwapo. Halafu akanisogezea simu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini tulizungumza. Mkuu alikuwa na sababu zake, nyingine za kweli, na muhula uliofuata nilipewa vipindi vya asubuhi. Nilipokwenda kumshukuru Mama Hakimu hakuonekana kukumbuka jambo lenyewe. Kwake ilikuwa kawaida. "Mwite" ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Mtu akianza kusema fulani ni mchawi, fulani kala mchango wa msiba, fulani kamtelekeza mkewe, yeye hakubisha wala hakukubali. Alisema tu, mwite. Wengi walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wameacha ng'ombe hawajanyweshwa.

Alikuwa amestaafu kazi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, na jina la kazi likabaki naye kama harufu ya moshi inavyobaki kwenye shuka. Watu wa zamani walisimulia jinsi alivyowaudhi wazee wa baraza kwa kuahirisha kesi. Mlalamikaji angetoka mbali na mashahidi wake, amekwisha tumia nauli, na mama yule anasema mshtakiwa hajafika, hatuwezi. Bwana mmoja alidai ng'ombe wake ameibwa na jirani ambaye tayari amekimbilia Olbalbal. Alitaka hukumu siku ileile. Mama akatuma watu wamtafute jirani. Jirani alipopatikana, alikuwa na ng'ombe yule kweli, lakini alikuwa akizunguka naye boma kwa boma akiuliza mwenyewe ni nani, kwa kuwa alimkuta amepotea njia ya maji. Mlalamikaji alirudi nyumbani na ng'ombe wake na aibu yake.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Nilimwona akimuua swila ghalani kwa jembe, mara moja, bila hata kuweka chini ungo aliokuwa ameushika mkono mwingine. Nikamtania: na huyu mbona hukumsikiliza? Akafuta jembe kwenye nyasi na kusema nyoka hajui Kiswahili wala Kiiraqw, angemwambia nini. Hakuwa na subira na watoto wanaoburuza miguu, wala na mapadri wanaohubiri mpaka watu wanasikia njaa. Na kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye yeye mwenyewe hakumwita. Huyo ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa ng'ambo ya shamba la mbaazi. Walipishana njiani kama mawe. Sababu yake niliijua baadaye, na ilinipeleka moja kwa moja kwenye jambo lililoyagawa maisha yake.

Alikuwa na binti mmoja tu. Binti yule alisomea hoteli, akaanza kazi kwenye loji iliyo ukingoni mwa kreta, akawa hodari wa mapokezi kiasi kwamba wageni walimwandikia wakisharudi kwao. Akapata kazi nzuri zaidi mapokezi ya hoteli kubwa, mji mkuu wa nchi jirani. Siku moja watu wenye silaha waliingia hoteli ile. Waliokuwa ghorofani wengi walipona. Waliokuwa chini, akiwamo yeye, hawakupona. Aliletwa Endabash kwa gari, akazikwa nyuma ya nyumba, upande unaotazama milima ya Mbulu. Na siku ya mazishi, wifi alisema mbele ya watu kwamba mtoto wa kike hakupaswa kuruhusiwa kwenda mbali hivyo. Labda ulikuwa uchungu tu uliokosa pa kutokea. Lakini neno lilitoka, na Mama Hakimu, aliyewasikiliza wezi na wauaji, hakutaka kusikia lingine.

Miaka ikapita. Siku moja ya Jumapili redio ilitangaza kwamba mshukiwa mkuu wa shambulio lile, aliyekuwa amejificha nchi nyingine ya mbali, ameuawa ndani ya gari na ndege isiyo na rubani ya dola moja kubwa. Habari ilifika Endabash kabla ibada haijaisha. Watu walipotoka kanisani hawakwenda makwao, walikwenda kwake. Nami nilikuwapo. Katekista, mtu mwema sana, alimshika mikono na kumwambia Mungu amelipa. Akina mama walipiga vigelegele kidogo, kisha wakanyamaza kwa kuwa mwenye nyumba hakuwa anacheka.

Alitupa chai wote. Aliporudi kukaa, alisema, "Redio imesema mshukiwa ameuawa. Mshukiwa hauawi. Mshukiwa huulizwa."

Katekista alimjibu kwamba mtu kama yule asingesema lolote.

"Basi angekataa kusema mbele yangu," Mama Hakimu akasema. "Ningekuwa nimemwona akikataa."

Watu waliondoka wakiwa hawajui wafurahi au watoe pole. Wengine walisema uhakimu umemharibu. Mimi nilibaki kumsaidia kupukuchua mahindi, na tulipokuwa tunafanya kazi ile alinieleza jambo ambalo hakuwaambia wengine. Alisema alipoisikia habari alifurahi. Alifurahi mpaka vidole vikapata baridi. Kisha furaha ikaisha kama chai inavyoisha, akabaki na kikombe. Na ndipo alipotambua kwamba kwa muda wote ule alikuwa na swali, na mtu aliyekuwa na jibu, au aliyewajua wenye jibu, amekwenda nalo. Wote waliokuwa na binti yake pale chini walikufa. Waliomwona mwisho ni wale walioingia mlangoni. Mama alitaka kujua mwanawe alikuwa katika hali gani. Alikuwa anaogopa? Alikuwa anazungumza na mtu? "Mwalimu," akaniambia, "mimi najua alivyokufa. Daktari aliniandikia. Sijui alivyokuwa kabla."

Wanafunzi wangu nao walikuwa wameisikia habari ile, na kwa jinsi vijana walivyo, waliigeuza mada ya mdahalo: je, ni haki nchi kumuua mshukiwa wa ugaidi aliyeko nchi ya nje, au ni lazima akamatwe aletwe mahakamani? Mama Hakimu ndiye aliyekuwa mwamuzi wa midahalo yetu kila muhula. Nilikwenda kumwambia kwamba nitaibadilisha mada. Alikataa. Alisema mada inayofukuzwa darasani inakwenda kukaa vichochoroni, na huko haina mwamuzi.

Ukumbi ulijaa. Upande wa kukamata ulijiamini mno, kwa sababu ulijua mwamuzi ni hakimu na ulidhani kazi imekwisha. Walisoma vifungu, wakataja haki za binadamu kila sentensi ya pili. Kisha akasimama kijana wa kidato cha tano, Emanueli Gwandu, wa upande wa kuua. Alikuwa mgeni shuleni, ametoka Mbulu, hakujua habari ya binti. Hakupaza sauti. Alisema mtu anapojificha nchi isiyo na polisi wala mahakama, kumkamata maana yake ni kupeleka vijana wa watu wakaingie nyumba kwa nyumba gizani, na baadhi yao hawatarudi. Ndege ile haina kijana ndani yake. Kisha akasema, "Mnasema mama wa aliyeuawa anastahili kesi. Ni kweli. Lakini mama wa askari naye ni mama. Ni nani kati yenu atakayekwenda kubisha hodi kwake?"

Upande wa pili walirudia vifungu vyao. Nilimtazama Mama Hakimu, uso wake haukuwa na kitu cha kusomeka. Alipoitwa kutoa uamuzi alisimama polepole, akautoa ushindi kwa upande wa Emanueli. Ukumbi uliguna. Aliwageukia walioshindwa na kuwaambia kwamba wametaja haki za binadamu kutwa nzima bila kusema ni binadamu gani, na kwamba wameulizwa swali moja la kweli wakalikimbia. Kisha akaketi.

Wenzake walimweleza Emanueli baada ya mdahalo kwamba mwamuzi ni nani na kilichompata ni nini. Kijana hakulala vizuri. Jumamosi alitembea mpaka Endabash kuomba radhi, akamkuta akipalilia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anaomba radhi kwa hoja mbaya au kwa hoja nzuri. Emanueli akasema hajui. Akamwambia hoja nzuri haiombewi radhi, hujibiwa. "Nenda ukaitafutie jibu wewe mwenyewe," alimwambia. "Mimi nimeitafuta tangu siku ile, sijaipata."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakumpa ushindi kwa kujionyesha mwadilifu. Alimpa kwa kuwa nusu yake ilikuwa imekubaliana naye. Alikiri kwangu hivyo tulipokuwa tunarudi kutoka mnadani: usiku anapokuwa na hasira huwa yuko upande wa ndege, asubuhi anapoamka huwa yuko upande wa pingu, na hajui ni yupi kati ya hao wawili aliye yeye. Nilimwambia labda wote. Alisema basi ni heri asubuhi huja baada ya usiku.

Emanueli alirudi kabla muhula haujaisha. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Alisema amefikiri juu ya gari lile lililopigwa. Mshukiwa hakuwa peke yake ndani yake, na hakuna redio hata moja iliyomtaja kwa jina aliyekuwa naye, labda alikuwa dereva tu, labda mtu aliyepewa lifti. Askari anayeingia nyumbani anaweza kuona mtoto akarudi nyuma. Na akikosea mtu, mtu huyo yupo wa kuachiwa. "Mama wa askari ni mama," alisema, "na mama wa yule wa lifti pia. Huyo hata hodi hakupigiwa." Mama Hakimu akamwambia aingie ndani, kuna maziwa. Niliyapata hayo kwa Emanueli mwenyewe, maana Mama hakuwa mtu wa kusimulia ushindi wa mtu mwingine, labda kwa kuogopa kuuongezea chumvi.

Kisha likatokea lile ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia. Mtu wa pili alikamatwa, akiwa hai. Alikuwa dereva aliyewafikisha wale washambuliaji hotelini na kuondoka. Alikuwa amekimbilia nchi nyingine akijifanya fundi wa magari, na polisi wa huko, kwa kushirikiana na wa nchi ile jirani, walimvizia siku nyingi, wakamkamata gereji mchana bila kufyatua risasi. Alirudishwa, akashtakiwa, akakiri. Waendesha mashtaka waliwatafuta wafiwa, wakawauliza kama kuna anayetaka kuja kusema neno mbele ya jaji kabla ya hukumu. Simu ilimkuta Mama Hakimu akianika mbaazi.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza stendi ya Karatu. Tulikuwa tumesimama na mkoba wake mdogo, upepo wa Juni unakata masikio, nikamwona wifi yake anakuja, ameshika hotpoti kwa mikono miwili. Alimpa. Ndani yalikuwa makande ya moto. Hawakusema kitu, si mmoja wala mwingine, na basi likaondoka. Lakini aliporudi, hotpoti ile ilivuka shamba la mbaazi ikiwa imeoshwa na ndani yake imewekwa sukari, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Baada ya hapo ilikuwa ikienda na kurudi kila wiki, na maneno yakaja kuifuata taratibu.

Yaliyotokea mahakamani sikuyasikia mara moja. Aliporudi alinisimulia tu kwamba karani wa kule anaandika polepole, na kwamba kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Nami sikumkazania. Muda si mrefu nilihamishwa, nikapangiwa shule moja ya sekondari huko Ngorongoro, upande wa Olbalbal, nikawa nashuka Karatu mara chache.

Nilipoanzisha mdahalo huko, nilimwomba aje kuamua. Sikudhani angekubali, macho yalikuwa yameanza kumpungua na magoti pia. Alikuja. Alipanda gari la abiria linalopita ukingoni mwa kreta, kwenye ukungu na baridi, halafu likateremka naye kwenye nyika kavu, na aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akina mama waliokuwa wakingoja maji kwenye gari la boza walimcheka, naye akawacheka. Wanafunzi walimwinamishia vichwa ili awaguse, kama wanavyofanya kwa mtu mzima, na wasichana wakamwita koko, yaani bibi.

Mada waliichagua wenyewe, na kwa kuwa hadithi yake ilikuwa imefika mbele yake, walichagua ileile. Upande wa kukamata ulikuwa na msichana wa Piyaya, Naserian, wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwao Piyaya mpaka wa nchi hauko mbali, na alijenga hoja yake juu ya hilo. Alisema mwizi wa ng'ombe akivuka mpaka, wapo morani wanaotaka kumfuata na mikuki, na wapo wazee wanaotuma wazee wenzao upande ule wamlete. Alisema mwaka fulani kwao waliwasikiliza wazee. Akaanza kusimulia mtu mmoja aliyeletwa hivyo, kengele ikalia, akakatizwa katikati ya sentensi. Kijana wa upande wa pili alimaliza kwa nguvu, akashangiliwa. Mama Hakimu aliutoa ushindi kwa upande wa kuua, kwa alama chache. Kwa mara ya pili nilimwona akifanya hivyo, na safari hii sikushangaa.

Naserian ndiye aliyeshangaa. Aliomba ruhusa, akasimama, akauliza, "Koko, wewe ulisafiri ukamwona huyo dereva. Ulipata nini?"

Nilitaka kumzuia. Mama Hakimu alinipungia mkono niache. Alisimulia akiwa ameketi, kwa Kiswahili chepesi ili wa nyuma wote wamfuate. Alisema aliambiwa mfiwa hamhoji mshtakiwa, anasema yake na kuondoka. Yeye akasema yake, kisha akamwomba jaji, kama mtu wa kazi moja na yeye, kwamba ana swali na mshtakiwa ana hiari ya kunyamaza. Jaji akafikiri, akaruhusu. Akauliza kama alimwona msichana wa mapokezi.

"Alikaa kimya mpaka nikadhani imekwisha," alisema. "Halafu akasema alimwona. Alisema wenzake waliingia kama wageni, silaha zimo mabegini, yeye akabaki kwenye gari. Msichana akatoka nje, akamjia dirishani, akamwambia pole na safari, gari lako liko juani, lisogeze pale kivulini. Akamwonyesha kwa mkono. Alikuwa anacheka, akarudi ndani. Huyo mtu akasogeza gari, kisha akaliondoa kabisa, akakimbia. Alisema siku ile nzima hakuna mwingine aliyezungumza naye kama mtu."

Nje zilisikika kengele za mbuzi.

"Hakuwa anaogopa," Mama Hakimu akasema. "Alikuwa kazini, anafanya kazi yake vizuri. Hicho ndicho nilichopata. Yule aliyeuawa na ndege asingenipa."

Kijana aliyeshinda, sauti yake sasa imeshuka, aliuliza kama amemsamehe.

"Hapana. Nimemsikia. Ni vitu viwili. Amefungwa, na mimi naona ni sawa afungwe. Na kama ningepewa mimi nimhukumu, ningemnyonga kabla ya saa nne na kujuta kabla ya saa sita. Ndiyo maana sikupewa."

Wachache walicheka, naye akatabasamu. Niliona ameanza kuchoka na gari la kurudi lisingechelewa, nikasimama nitoe neno la shukrani. Hakunipa nafasi. Alikuwa amemgeukia Naserian, akikaza macho yake mabovu ampate vizuri.

"Wewe kengele ilikukata," alimwambia. "Ulikuwa unatuambia habari za mtu aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Ushindi sikurudishii, lakini nataka kusikia. Malizia."

Naserian aliwatazama wenzake, akanitazama mimi. Nikaketi. Akaweka shuka yake sawa begani, akaja mbele.

"Alipofika bomani alikuwa na kiu," alisema, "kwa hiyo kwanza tulimpa maji."